Kinga Iliyogeuka Silaha: Sayansi ya Ukabaji katika Futiboli ya Kimarekani

Katika msimu wa mwaka 1976, wachezaji 34 wa futiboli ya Kimarekani waliumia shingo na kupooza mikono na miguu. Wengi wao walikuwa vijana wa shule za sekondari. Helmeti walizovaa zilikuwa imara kuliko zile walizovaa baba zao. Miaka minane baadaye, katika msimu wa 1984, idadi ya waliopatwa na msiba huo ilikuwa imeshuka hadi 5. Katika kipindi hicho mchezo haukupigwa marufuku, wala haikubuniwa kofia ya miujiza. Kilichobadilika ni kanuni moja, na pamoja nayo namna makocha walivyowafundisha vijana kumwangusha mtu.

Mabadiliko hayo hayakuja kwa bahati. Yalitokana na uchunguzi wa kisayansi ulioanza kwa swali rahisi: shingo huvunjikaje? Makala haya yanaeleza misingi ya ukabaji katika mchezo huo, sheria za fizikia zinazoutawala, na jinsi mafundisho mabaya yalivyoigeuza kinga ikawa silaha. Mwalimu wa fizikia au wa baiolojia atapata humu mifano ya kutumia darasani, hata kama wanafunzi wake hawajapata kuuona mchezo wenyewe.

Mchezo kwa ufupi

Futiboli ya Kimarekani ni ndugu wa raga kuliko wa kandanda. Mpira wake una umbo la yai, na huchukuliwa mikononi au kurushwa. Uwanja una urefu wa yadi 100, yaani mita 91 hivi, kati ya mistari miwili ya magoli, na upana wa karibu mita 49. Kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kuusogeza mbele angalau yadi 10. Ikifaulu, hupewa manne mengine. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Jaribio humalizika pale mwenye mpira anapoangushwa, anapotoka nje ya uwanja, au pasi inapoanguka bila kudakwa.

Kumwangusha mwenye mpira ndiko kunakoitwa ukabaji katika makala haya. Si ukabaji wa kandanda, ambamo mlinzi humfuata mpinzani asimpe nafasi ya kupiga mpira. Hapa mkabaji humkumba mwenye mpira kwa mwili wake, humzungushia mikono, kisha humlaza chini. Walinzi hupangwa kwa safu tatu: walinzi wa mstari wa mbele, watu wazito wanaopambana ana kwa ana, walinzi wa kati, na walinzi wa nyuma, ambao ni wepesi na wenye mbio. Makocha wamebuni mifumo mingi ya kuzipanga safu hizo. Hata hivyo kila mfumo, uwe na ustadi wa namna gani, huishia mahali pamoja: mtu mmoja anamfikia mwingine, na ama anamwangusha, ama anamkosa. Kwa sababu hiyo makocha wa ulinzi, hata katika ligi ya kulipwa ya NFL, hurudia misingi ile ile kila mwaka mbele ya watu walioucheza mchezo tangu utotoni.

Hesabu ya kumfikia mwenye mpira

Kosa la kwanza la mlinzi mchanga hutokea kabla hajamgusa mtu. Hukimbilia mahali alipo mwenye mpira, badala ya mahali atakapokuwa.

Chukulia kwamba mwenye mpira anakimbia kandokando ya mstari wa pembeni kwa mwendo wa mita 8 kwa sekunde. Mlinzi, ambaye mwendo wake ni mita 7 kwa sekunde, yuko mita 20 mbele yake na mita 15 ndani ya uwanja kutoka mstari huo. Kwa kanuni ya Pythagoras, umbali kati yao ni mita 25. Mlinzi akilenga sehemu ya mstari iliyo mita 10 tu mbele ya mwenye mpira, atalazimika kukimbia mita 18, kazi ya sekunde 2.6 hivi. Mwenye mpira atakuwa amekwisha kupita hapo baada ya sekunde 1.25. Tangu hapo mlinzi atakuwa anamfukuza mtu anayemzidi mbio, na hatampata kamwe.

Lakini mlinzi akikata moja kwa moja hadi mstari wa pembeni, safari ya mita 15, atafika kwa sekunde 2.1. Mwenye mpira atahitaji sekunde 2.5 kufika mahali hapo. Aliye mzito wa mbio ametangulia kwa zaidi ya thuluthi ya sekunde, muda wa kutosha kufupisha hatua, kukunja magoti na kujiweka tayari. Hakuongeza mbio hata kidogo. Alichagua pembe tu.

Kadhalika mlinzi hufundishwa asimwendee mwenye mpira katikati kabisa, bali aelekee nyonga yake ya upande mmoja. Kwa kufanya hivyo humwachia njia moja tu ya kukimbilia, na katika njia hiyo awepo mlinzi mwenzake au mstari wa uwanja. Macho nayo huelekezwa kiunoni. Mkimbiaji hodari aweza kudanganya kwa kichwa, kwa mabega na kwa miguu. Kiuno hakidanganyi, maana karibu nacho ndipo kilipo kitovu cha uzito wa mwili, na mwili hauwezi kwenda mahali kitovu chake kisikokwenda.

Momenta, kani na msuguano

Wanapokutana watu wawili, sheria za Newton hushika usukani. Chukulia mwenye mpira wa kilogramu 100 anayekimbia mita 8 kwa sekunde. Momenta yake, yaani zao la tungamo na mwendo, ni kilogramu-mita 800 kwa sekunde. Mkabaji wa kilogramu 90 anamjia kwa mita 5 kwa sekunde kutoka upande wa pili. Momenta yake ni 450. Wakishikamana, inabaki tofauti ya 350, na tungamo lao wote wawili ni kilogramu 190. Ukigawanya, utaona kwamba wote wawili wataendelea kusogea upande aliokuwa akielekea mwenye mpira, kwa mwendo wa mita 1.8 kwa sekunde.

Hesabu hiyo ina funzo. Mgongano wenyewe haukumsimamisha mwenye mpira. Ulimpunguza mwendo tu. Kazi iliyobaki lazima ifanywe na kani nyingine, na kani hiyo hutoka ardhini. Mkabaji aliye na miguu chini husukuma ardhi nyuma, nayo ardhi, kwa sheria ya tatu ya Newton, humsukuma mbele. Mkabaji aliyeruka hewani amekata uhusiano wake na ardhi. Hana tena chochote isipokuwa momenta aliyokuja nayo, na hawezi kugeuka ikiwa mwenye mpira atachepuka. Ndiyo maana kocha husisitiza kwamba miguu isiache kufanya kazi hata baada ya kugusana.

Sheria hiyo hiyo humtumikia mwenye mpira. Maadamu miguu yake inasukuma ardhi, ataendelea kusonga. Kwa hiyo mkabaji hodari hushambulia miguu hiyo. Kani inayopita katika kitovu cha uzito husukuma mwili mzima; kani inayopita chini au juu ya kitovu huuzungusha. Mtu anayekumbwa kifuani huweza kuinama, kukaza miguu na kuburuza mkabaji wake mita kadhaa. Anayekumbwa mapajani, miguu yake ikafungwa kwa mikono miwili, hupoteza kitako cha kusimamia. Kitovu chake cha uzito kikishatoka juu ya nyayo zake, ni lazima aanguke, awe na nguvu za simba.

Kwa muhtasari, misingi ya ukabaji ni mitano. Kwanza, macho yawe juu, kwenye kiuno au mapaja ya mwenye mpira. Pili, mguu ulio karibu naye utangulie, ili mkabaji asijinyooshe akiwa mbali. Tatu, bega la upande wa mguu huo ndilo liguse kwanza. Nne, mikono imzungushe na kumbana. Tano, miguu iendelee kusukuma hadi aanguke. Kichwa hakimo katika orodha hii kama chombo cha kugongea. Mahali pake ni kando, nje ya mgongano. Neno hilo moja ndilo lililosahauliwa kwa zaidi ya miaka kumi, na gharama yake ilikuwa kubwa.

Kichwa kilipopata ujasiri

Mchezo huu ulikuwa wa hatari tangu zamani. Mwaka 1905, baada ya vifo kadhaa vya vijana viwanjani, Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton wazungumzie usalama wa mchezo. Mwaka uliofuata kanuni zilirekebishwa, na pasi ya kurusha mbele ikaruhusiwa ili wachezaji wasisongamane mahali pamoja. Siku hizo waliojali kichwa walivaa kofia za ngozi, na wengine hawakuvaa kitu.

Mwaka 1939 kampuni ya Riddell ilitoa helmeti ya plastiki ngumu. Mwaka 1943 NFL ikaamuru kila mchezaji avae helmeti. Katika miaka ya 1950 vizuizi vya kukinga uso vikaenea. Kila hatua ilikuwa na nia njema, na kila hatua ilizuia majeraha fulani. Lakini mtu mwenye kichwa kitupu hukiogopea kichwa chake. Anapomkumba mwenzake hukiweka kando bila kuambiwa. Kichwa kilipovikwa gamba gumu na uso ukawekewa kizuizi, hofu ile ya asili ikaondoka. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 makocha wengi wakaanza kufundisha kwamba mkabaji aupeleke uso wake moja kwa moja kifuani mwa mpinzani. Kichwa kikawa cha kwanza kufika.

Matokeo yalikuwa ya namna mbili. Mwaka 1968 peke yake wachezaji 36 walikufa kutokana na majeraha ya moja kwa moja uwanjani. Msiba huo ulisababisha kuundwa, mwaka 1969, kwa kamati ya kitaifa ya viwango vya vifaa vya michezo, nayo ikatoa kipimo cha kwanza cha ubora wa helmeti mwaka 1973. Vifo vya kupasuka mishipa ya damu kichwani vikapungua. Lakini huku kichwa kikipona, shingo ilizidi kuvunjika. Daktari Joseph Torg na wenzake, walioanzisha daftari la kitaifa la majeraha ya kichwa na shingo mwaka 1975, walilinganisha miaka ya 1959 hadi 1963 na miaka ya 1971 hadi 1975. Waligundua kwamba vifo vya kichwa vilikuwa vimepungua, ilhali idadi ya waliopooza kwa kuvunjika shingo ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara mbili.

Dhana moja yaanguka

Kabla ya uchunguzi wa Torg, wataalamu wengi walikuwa na maelezo yaliyoonekana ya kuridhisha. Walidhani kwamba kichwa kilipinduliwa nyuma kwa nguvu, ukingo wa nyuma wa helmeti ukaipiga shingo mithili ya shoka. Kama dhana hiyo ingekuwa kweli, dawa ingekuwa nyepesi: kupunguza ukingo wa helmeti, au kuondoa kizuizi cha uso.

Torg na wenzake walifanya jambo ambalo kila mwanasayansi hana budi kulifanya: waliipima dhana kwa ushahidi. Walikusanya filamu za mechi ambamo wachezaji waliumia, wakazitazama picha kwa picha. Hawakuona vichwa vikipinduliwa nyuma. Waliona mkabaji ameinamisha kichwa kidogo na kumgonga mpinzani kwa utosi wa helmeti. Aliyeumia, mara nyingi, alikuwa mkabaji mwenyewe.

Maelezo yake yamo katika umbo la shingo. Shingo ya binadamu ina pingili saba. Mtu akitazama mbele, pingili hizo hufanya upinde mdogo, na upinde huo, ukisaidiwa na misuli na kano, huinama na kunywea sehemu ya mshindo kama springi. Lakini kichwa kikiinama kwa kadiri ya digrii 30, upinde hupotea. Pingili saba husimama wima moja juu ya nyingine kama nguzo. Utosi unapogonga, kichwa husimama papo hapo. Kiwiliwili hakijasimama. Mkabaji wetu wa kilogramu 90 anayekwenda mita 5 kwa sekunde ana nishati mwendo ya jouli 1,125, na kiwiliwili kinaendelea kuja na sehemu kubwa ya nishati hiyo. Kati ya kichwa kilichosimama na kiwiliwili kinachokuja kuna nguzo nyembamba ya mifupa. Nguzo hiyo hubanwa, hukunjika ghafla, na pingili zilizoteguka au kuvunjika huukandamiza ugwe wa neva unaopita ndani yake. Ugwe huo ukikatwa au kupondwa, amri za ubongo haziwafikii tena mikono na miguu.

Helmeti haikuwa na kosa katika kuvunjika huko. Ilifanya kazi yake ya kulinda fuvu. Kosa lilikuwa katika kuitumia kama rungu, huku mpini wa rungu hilo ukiwa shingo ya mtu.

Kanuni ya 1976 na matunda yake

Kwa kutegemea ushahidi huo, wasimamizi wa mchezo katika vyuo na katika shule za sekondari walipitisha mwaka 1976 kanuni inayokataza kutumia kichwa kuwa sehemu ya kwanza ya kumgonga mpinzani. Makocha nao walianza kurudisha mafundisho ya bega. Mafanikio hayakuchelewa. Waliopooza walikuwa 34 katika msimu wa 1976. Msimu uliofuata walikuwa 18. Katika msimu wa 1984 walikuwa 5. Mwaka 1990 ulikuwa wa kwanza, tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1931, kumalizika bila kifo hata kimoja cha majeraha ya moja kwa moja.

Hata hivyo kanuni iliyoandikwa si kanuni iliyozoewa. Mtu anayekimbia kwa kasi hana muda wa kufikiri. Mwili hufanya ulichozoezwa. Tarehe 4 Desemba 2017, mlinzi wa kati Ryan Shazier wa Pittsburgh Steelers, mmoja wa walinzi hodari wa NFL, aliinamisha kichwa alipomkaba mpinzani katika mechi ya Cincinnati, akaumia uti wa mgongo. Alianguka asiweze kusogeza miguu. Baada ya upasuaji na mazoezi ya miezi mingi aliweza kutembea tena, lakini hakurudi kucheza. Mwezi Machi 2018 NFL ilipitisha kanuni inayomwadhibu mchezaji yeyote, awe mlinzi au mwenye mpira, anayeinamisha kichwa na kumgonga mwenzake kwa helmeti.

Somo kutoka raga

Mapinduzi mengine yalitoka mahali pasipotazamiwa: mchezo usio na helmeti ngumu. Mwaka 2014, miezi michache baada ya kutwaa ubingwa wa NFL, kocha Pete Carroll wa Seattle Seahawks pamoja na msaidizi wake Rocky Seto walitoa filamu ya mafunzo kwa makocha wa ngazi zote. Ndani yake walionyesha ukabaji uliofuata mtindo wa raga: macho mapajani, bega ligonge, kichwa kibaki upande wa nje, mikono ifunge miguu, kisha mkabaji asukume au ajiviringishe pamoja na aliyekabwa. Mcheza raga hana gamba kichwani, kwa hiyo hufundishwa tangu siku ya kwanza mahali pa kukiweka kichwa chake. Timu iliyokuwa na ulinzi mkali kuliko zote ndiyo iliyosema kwamba kichwa hakihitajiki katika ukabaji, na makocha wengi wakasikiliza.

Wapenzi wa raga wa Afrika ya Mashariki wana mfano wa karibu. Mwaka 2013 Mkenya Daniel Adongo, aliyekuwa amecheza raga ya kulipwa Afrika Kusini na New Zealand, alisajiliwa na Indianapolis Colts bila ya kuwa amecheza futiboli ya Kimarekani hata siku moja. Alipangwa katika ulinzi, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amekwisha kuingia uwanjani, Mkenya wa kwanza kucheza katika NFL. Kanuni zote za mchezo zilikuwa ngeni kwake, isipokuwa kazi ya kumwangusha mtu mwenye mpira.

Uchunguzi wa ukabaji haujafika mwisho. Mwezi Machi 2024 NFL ilipiga marufuku mtindo mwingine, ambao mkabaji humshika mwenye mpira kutoka nyuma au pembeni, hugeuza nyonga, hujiachia aanguke, na uzito wake wote huangukia miguu ya aliyekabwa. Mguu umekwama ardhini, mwili unavutwa nyuma, na kifundo au goti ndilo linalolipa. Hapa tena fizikia ni ile ile: kani kubwa, iliyo mbali na mhimili wa kiungo, huzaa mpindo ambao kiungo hakikuumbwa kuuhimili.

Helmeti isichoweza kukifanya

Likabaki tatizo la ubongo. Mwaka 2002, Daktari Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria aliyekuwa akifanya kazi Pittsburgh, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji mashuhuri aliyekufa akiwa na umri wa miaka 50 baada ya kuteseka kwa kupoteza kumbukumbu na kuchanganyikiwa. Kwa macho ubongo ulionekana mzima. Chini ya hadubini Omalu aliona malimbikizo ya protini iitwayo tau, dalili ya ugonjwa uliokuwa umejulikana zaidi kwa wapigana ndondi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005, na kwa miaka kadhaa yalipingwa vikali na wataalamu wa ligi.

Kwa nini helmeti haikuzuia hayo? Hesabu fupi yatosha. Kichwa kinachokwenda mita 7 kwa sekunde kikisimamishwa ndani ya sentimita 2.5 za sponji, mchapuko hasi ni mita 980 kwa sekunde kwa sekunde, yaani mara 100 ya mvutano wa dunia. Sponji ikiongezwa unene hadi sentimita 5, mchapuko hupungua kwa nusu. Faida hiyo ni ya kweli, lakini ina mpaka, maana hakuna awezaye kucheza na helmeti nene kama tikiti maji. Zaidi ya hayo, ubongo ni mwororo na umeelea katika majimaji ndani ya fuvu. Kichwa kikizungushwa ghafla, fuvu hutangulia na ubongo huchelewa. Tabaka zake husuguana na nyuzi za neva huvutika. Gamba la nje haliwezi kuuzuia mzunguko wa ndani.

Watafiti wa Boston walichapisha mwaka 2017 kwamba kati ya bongo 111 za wachezaji wa zamani wa NFL walizozichunguza, 110 zilikuwa na ugonjwa huo. Mwanafunzi wa takwimu na aisome tarakimu hiyo kwa uangalifu. Bongo hizo zilitolewa na familia, na familia nyingi zilizitoa kwa sababu ziliona dalili; kwa hiyo sampuli hiyo haituambii ni wachezaji wangapi kati ya wote wanaougua. Inaonyesha, lakini, kwamba ugonjwa si wa nadra. Tafiti za baadaye za kundi hilo zimeonyesha pia kwamba hatari huongezeka kadiri mtu anavyocheza miaka mingi zaidi. Hivyo kinachotisha si pigo moja kubwa tu, bali pia maelfu ya mapigo madogo, na mengi ya hayo hupatikana mazoezini.

Kazi ya kocha

Hapo ndipo wajibu wa kocha unapokuwa mzito kuliko wa mtengeneza helmeti. Mwaka 2010 Buddy Teevens, kocha wa Chuo cha Dartmouth, aliondoa kabisa mazoezi ya kukabana mtu kwa mtu. Vijana wake walifanya mazoezi ya pembe, hatua na bega kwa kutumia mito na, baadaye, sanamu linalotembea kwa mota, lililotengenezwa kwa msaada wa wanafunzi wa uhandisi wa chuo hicho. Wengi walitabiri kwamba timu ingesahau kukaba. Mwaka 2015 Dartmouth iligawana ubingwa wa ligi yake, na mwaka 2016 vyuo vyote vinane vya ligi hiyo vikakubali kuacha mazoezi ya kukabana katika msimu wa mashindano. Katika NFL, mkataba wa mwaka 2011 kati ya ligi na wachezaji uliweka kikomo cha mazoezi 14 ya vishindo kwa msimu.

Jambo hilo lisimshangaze mwalimu. Ukabaji, kama ulivyoelezwa hapo juu, kwa sehemu kubwa ni elimu ya pembe, ya hatua na ya mahali pa kuweka kichwa. Mambo hayo yote hufundishika bila kumwumiza mtu.

Majaribio ya darasani

Walimu waweza kuyadhihirisha haya kwa vifaa vichache.

Jaribio la kwanza. Wanafunzi wawili washike shuka kwa ulegevu, na wa tatu alirushie yai kwa nguvu. Yai halitapasuka, kwa kuwa shuka hulisimamisha polepole. Yai jingine lirushwe ukutani kwa mwendo ule ule. Wanafunzi waeleze kwa nini umbali wa kusimama hupunguza kani.

Jaribio la pili. Simamisha rula ya plastiki mezani na uibonyeze kutoka juu ikiwa imenyooka. Itavumilia, kisha itapinda kwa ghafla. Rudia ikiwa imekunjwa kidogo tangu mwanzo. Itainama polepole kama springi. Linganisha na shingo iliyoinamishwa na shingo yenye upinde wake wa asili.

Jaribio la tatu. Chora uwanja kwa mizani ya sentimita 1 kwa mita 2. Weka mlinzi na mwenye mpira kama ilivyoelezwa, kisha utafute, kwa kupima na kugawanya, sehemu ya karibu kabisa ambapo mlinzi aweza kumkuta mwenye mpira. Jibu litakuwa kati ya mita 17 na 18 mbele ya mwenye mpira.

Wanafunzi wajadili pia swali hili: kama Torg angeridhika na dhana ya ukingo wa helmeti bila kutazama filamu, nini kingefanyika baada ya 1976? Viwanda vingekata plastiki, makocha wangeendelea kufundisha kama zamani, na kila msimu ungeendelea kuleta idadi yake ya vijana wasioweza kuinuka. Vijana hao waliokolewa na watu waliokubali kutazama upya jambo ambalo kila mtu alidhani analijua, na na makocha waliokuwa tayari kubadili mafundisho yao.